Aliyeingia Baada ya Pilau

Mama yangu hakuwahi kula harusini. Simaanishi kwamba alikula kidogo, au kwamba alikula jikoni pamoja na wapishi. Namaanisha kwamba katika harusi zote za Kahama alizoalikwa tangu nikiwa mtoto, hakuna mtu aliyewahi kumwona Bi Safiya ametia mkono kwenye sinia. Alisubiri nyumbani akiwa amevaa tayari, tena amesimama, kwa sababu gauni lile likikaliwa mapema lilijikunja. Alisubiri mpaka aletewe habari kwamba pilau limeliwa, masinia yameondolewa na wanawake wamenawa. Hapo ndipo alipotoka. Alipofika, mikeka ilikuwa imekung'utwa na macho ya watu hayakuwa na kazi nyingine.

Alisimama mlangoni kidogo. Sisi watoto tulidhani anatafuta pa kukaa, kumbe alikuwa anawapa watu nafasi ya kumwona. Kisha aliingia taratibu bila kumtazama mtu, akaenda moja kwa moja kwa bibi harusi, akamshika kidevu na kumwambia, "Hongera, mwanangu." Aliketi kwa muda mfupi kwenye kigoda kilichobebwa kutoka nyumbani kwa ajili yake, halafu akaondoka. Kilichobaki cha harusi kilikuwa ni kumzungumzia yeye. Mabibi harusi wengine walilia kwa hilo, na siwalaumu.

Gauni lenyewe lilikuwa la rangi ya zambarau iliyoiva. Shingo yake ilipanda hadi chini ya kidevu, mikono ilifika kwenye viganja, kiuno kilibana, kisha likashuka mpaka kwenye visigino bila ua, bila shanga, bila kitu chochote cha kuongezea. Kulikuwa na nyuzi za dhahabu tu. Zilianzia kwenye pindo, zimesongamana, zikapanda zikipungua mpaka kifuani, ambako ungeweza kuzihesabu. Juu yake alitupa mtandio mweusi mwepesi, na mkononi alivaa pete moja. Mkufu hakuvaa. Alisema mkufu ni wa mwenye shingo ya kuficha, na alisema hivyo mbele ya wanawake waliovaa mikufu.

Hakulivaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na miaka mingine aliipitisha bila kulivaa, makusudi. Mafundi cherehani wa mjini walijaribu kuliiga. Waliiga shingo, waliiga mikono, ila wake zao wakilivaa walionekana wamevaa gauni. Mama alionekana amezaliwa nalo.

Marehemu baba, Mzee Abdulhalim, mtu wa Pangani aliyefuata biashara ya pamba mpaka huku Usukumani, ndiye aliyelileta. Hadithi ya nyumbani ilikuwa kwamba kitambaa kilifumwa Bara Hindi kwa nyuzi za dhahabu halisi, kwa ajili ya mke wa mfalme mdogo fulani aliyekufa kabla ya kukishonesha. Kila hadithi iliporudiwa, yule mfalme alipanda cheo. Nilipomaliza darasa la saba alikuwa anatawala nusu ya Bara Hindi. Lakini neno dhahabu halikubadilika, na katika mji ambao watu wanaishi kwa kuitafuta dhahabu, kuwa na mwanamke anayeivaa mwilini na kuiburuza kwenye sakafu lilikuwa jambo kubwa.

Mimi ni Mwanne, binti yake mkubwa, wengi wananiita Mama Shadya. Kiuno chake sikurithi, wala shingo. Nilirithi miguu ya baba na ulimi ambao haujawahi kunisaidia. Nauza mitumba Nyasubi, na mama akipita kibandani kwangu alishika nguo kwa ncha za vidole viwili, akauliza, "Hii aliivaa nani?" nami nilimjibu, "Mwenye pesa kuliko wewe." Tulipendana hivyo. Nguo nazijua. Nipe kitambaa nimefumba macho, nitakwambia kama ni pamba, hariri au uchafu wa kiwandani. Ila gauni lile sikuwahi kuliangalia kama nguo. Kulishika hakuruhusu, akisema mikono yetu ina mafuta, na mimi nilikubali kama watoto wanavyokubali mambo ya wazazi, nikaendelea kukubali mpaka nikazeeka.

Pamba ikaanguka. Malori yakauzwa, baba akafa, vyumba vya uani tukapangisha. Mgodi wa Buzwagi ulipofungwa hata wapangaji wakapungua, tukabaki na Klara peke yake, mama wa Kikristo kutoka Geita, fundi cherehani mwenye moyo mzuri na redio yenye sauti kubwa. Kila kitu ndani ya nyumba kilichakaa au kiliuzwa. Gauni lilibaki kwenye sanduku la mninga, katikati ya karafuu.

Mama alizeeka vibaya. Mgongo ulipinda, goti la kushoto likawa linamsaliti, akaanza kutembelea fimbo ya marehemu baba. Harusi akaacha kwenda. Lakini mwanangu Shadya alipochumbiwa na Masudi, kijana wa Msalala, mama alisema mbele yetu sote kwamba ataingia tena mara moja, kwa mjukuu wake, na baada ya hapo Mungu afanye anavyotaka.

Kuanzia siku hiyo, kila asubuhi alifanya mazoezi. Aliiegemeza fimbo ukutani, akatembea ukumbini kutoka mlango wa chumba chake hadi mlango wa mbele, mkono mmoja ukiwa karibu na ukuta bila kuugusa. Akifika alisimama kidogo, akanyoosha shingo. Halafu akaniita nimletee fimbo, maana kurudi hakuweza. Nilikuwa nikimcheka ili nisilie. Nilimwambia atembee haraka kidogo, pilau litakuwa limeshakuwa kinyesi. Alinijibu kwamba mimi ndiye sababu watu wa mji huu hawana adabu.

Nilitaka aingie. Naliandika hili wazi ili lisipotee katikati ya maneno yangu mengine. Katika maisha yangu sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka mama yangu asimame kwenye mlango ule, watu wanyamaze.

Aliyeanzisha balaa ni Shadya, bila kujua. Alipiga kwa simu ile picha ya zamani ya mama iliyopigwa studio Mwanza, ile aliyosimama ubavu amegeuza uso, akaitupa mtandaoni na maneno: "Bibi yangu, Kahama, na gauni lake la nyuzi za dhahabu." Picha ikasambaa. Watu wa Dar es Salaam, watu wa Nairobi, watu wasiojua Kahama iko upande gani, wote wakaandika. Mabinti walisema hakuna anayevaa hivi siku hizi. Mbunifu mmoja wa mitindo akauliza kama gauni bado lipo. Shadya alimsomea bibi yake maneno yale moja moja, na mama alisikiliza amefumba macho. Akamwambia arudie yale ya shingo.

Ila watu wengine waliisoma picha ile kwa namna yao. Mdogo wangu Hatibu, kitinda mimba wetu, ana hisa kwenye duara moja upande wa Bugarama. Duara ni shimo wanaloshuka kutafuta dhahabu, na la Hatibu lilikuwa limebakiza kidogo kufika kwenye mwamba tangu Shadya akiwa shule ya msingi. Mvua za mwaka huu zililijaza maji. Wenzake walipokaa kuzungumzia pampu, mmoja alitoa simu akamwonyesha picha. Akamuuliza inakuwaje wao wanakufa na maji wakati kwa akina Hatibu kuna dhahabu imekunjwa sandukuni.

Hatibu alikuja Jumamosi alasiri, na hakuchagua siku nzuri. Kamati ya wanawake ilikuwa sebuleni. Alikuwepo Klara, mtunza hazina wetu, na Mama Masudi, mama wa bwana harusi, Msukuma mnene mcheshi, pamoja na wengine watano sita. Walikuja kugawa sare, kitambaa cha kijani chepesi chenye maua ya kumetameta, ili siku hiyo wanawake wote wa pande mbili wavae nguo moja. Klara alimpa mama kipande chake kwa mikono miwili.

"Nashukuru, mwanangu," mama alisema. "Mpeni mwingine. Mimi nguo yangu ipo."

"Lile la dhahabu, mayu?" Mama Masudi akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Lile lile."

Wanawake wakafurahi kweli. Mmoja alisema kwamba mama yake alilisimulia mpaka anaingia kaburini. Mama aliinamisha kichwa kidogo, akapokea. Kwa muda ule mfupi mgongo ulinyooka, au niliona mimi.

Ndipo Hatibu akaingia na matope kwenye mabuti. Nje alimwacha mwenzake, Bartholomeo, juu ya pikipiki. Aliwaamkia wakubwa, wakamwitikia marahaba, akachuchumaa karibu na kiti cha mama.

"Mama, duara limejaa maji. Wenzangu wametoa za pampu, mimi sina. Jumatatu wananitoa kwenye hisa."

"Uza pikipiki," nikamwambia.

"Nilishauza, dada. Nimebebwa." Akamgeukia tena mama. "Nimekuja kuomba lile gauni."

Klara akazima redio ya simu yake, jambo ambalo sijawahi kumwona analifanya.

"Una wazimu," nikasema. "Gauni la harusi ya Shadya?"

"Dada, bei ilivyopanda watu wanauza hereni moja moja. Wanauza meno. Nyuzi zile zikiyeyushwa mimi napata pampu na inabaki. Tukifika kwenye mwamba nitamvisha mama mpaka achoke."

Nilimwambia amekuwa akimvisha mama kwa mdomo kwa miaka mingi na mama bado yuko uchi. Lilikuwa neno baya, na nililisema kwa sauti. Mama hakuonekana kulisikia. Alikuwa anamtazama Hatibu, na mimi nilidhani anamtazama mtoto wake kipenzi, yule ambaye hakuwahi kumnyima kitu. Wivu wa utotoni ukanirudia pale pale, na nywele zangu zina mvi.

Mama Masudi akaliuliza swali bila ubaya wowote. "Kwani ni dhahabu kweli, mayu? Sisi wengine tulidhani ni maneno tu ya watu."

Wote wakamtazama mama. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, lile la kushoto, ukilipapasa kana kwamba unalituliza. Ulipapasa kwa muda.

"Ni dhahabu," mama akasema. "Mwanne, lete funguo."

Sikutaka kwenda. Alinitazama mara moja tu, nikaenda. Alilitoa gauni mwenyewe sandukuni, akalikunja mwenyewe, mikono kwanza, kisha pindo, akalifunga ndani ya kanga kuukuu na kumpa Hatibu. Klara alikuwa analia waziwazi. Mama aliketi, akavuta kile kitambaa cha sare kilichobaki kwenye meza, akakipapasa kwa ncha za vidole viwili, akakirudisha mahali pake.

Niliwafuata. Nilipanda bodaboda nyuma yao mpaka kwa Deusdedit, pembezoni mwa Nyasubi. Huyu Deusdedit ni kota, dalali anayenunua dhahabu ya wachimbaji wadogo na kuipeleka kwa wakubwa. Uani kwake kuna jiko la mkaa na feni, makarai, tindikali, na kuta nyeusi kwa moshi. Alilifungua gauni juu ya meza, akafuta mikono kwenye suruali. Hata yeye alikuwa mtoto wa mji huu.

Alijaribu kukwangua uzi mmoja kwenye jiwe lake la kupimia, akatia tone la tindikali, akainua mabega. "Uzi mwembamba sana. Hapa siwezi kusema ni nini. Mkitaka kujua, chomeni."

"Kateni kipande," nikasema. "Kateni kidogo kwenye pindo mkione kwanza."

Hatibu na Bartholomeo wakatazamana, wakatabasamu. Nilijua tabasamu lile, la watu wa kazi wanapomsikia asiye wa kazi. Huko kwao, mchanga wa dhahabu unaoshwa juu ya magunia yaliyotandikwa kwenye ubao, na punje ndogo ndogo zinanasa kwenye nyuzi za gunia. Gunia likichakaa hawalitupi. Wanalichoma, wanaliosha jivu lake kwenye karai kwa zebaki, na dhahabu ambayo jicho halikuiona inajikusanya. Wamefanya hivyo maisha yao yote. Wamejifunza kwamba kitambaa kinaweza kuwa na dhahabu isiyoonekana, na kwamba ukikata kipande kidogo hupati kitu, ni lazima uchome chote.

"Dada," Hatibu alisema kwa upole, "gunia halichomwi nusu. Haya ndiyo mambo tunayoyajua."

Nililishika gauni. Nilikuwa sijawahi. Vidole vyangu vilitaka kuniambia kitu, navyo ni vidole vya kuaminika, lakini nilikuwa nalia na Bartholomeo alikuwa ananiondoa taratibu kwa bega, akisema, "Pole mama, pole."

Wakalitia kwenye jiko.

Hariri ikiungua hunuka nywele. Pamba hunuka karatasi. Mimi nimechoma nguo mbovu nyuma ya kibanda changu kwa miaka mingi, na ningeweza kulala na bado nikakwambia kinachoungua. Gauni la mama yangu lilinuka ndoo. Lilinuka kandambili, lilinuka mfuko wa rambo. Lilijikunja, likatoa matone meusi, likadondoka ndani ya makaa, na moshi wake ukawa mzito mpaka Deusdedit akafunika pua. Nilisimama pale nikainusa dhahabu ya mke wa mfalme na nikajua kila kitu kabla ya Hatibu kuchukua karai.

Yeye alilichukua karai. Alilisaga lile jivu lililogandamana, akatia maji, akatia zebaki, akaanza kuzungusha. Anajua kuzungusha karai, mdogo wangu. Alimwaga maji machafu, akatia mengine, akazungusha. Zebaki ilikimbiakimbia chini ya karai peke yake, safi, haikushika kitu. Bartholomeo aliacha kutazama, akaenda kukaa kwenye pikipiki.

"Kaka," Deusdedit akasema, "hapa hakuna kitu."

"Bado kidogo," Hatibu akajibu. Akatia maji mengine.

Niliondoka akiwa bado anazungusha. Langoni aliniita, akaniomba nisimwambie mama. Njiani nilikuwa nimeshaamua hivyo hivyo. Angalau mmoja wetu abaki na mfalme wake.

Mama alikuwa kwenye kiti kile kile. Wanawake walishaondoka. Aliniambia nikae, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake kwa sababu sikutaka aone uso wangu.

"Limetoa?" akauliza.

"Limetoa, mama. Amepata pesa ya pampu, na imebaki."

Halafu akauliza, "Lilinuka nini?"

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa, niliinamisha kichwa zaidi.

"Nywele," nikasema. "Lilinuka nywele."

"Muongo wewe," mama akasema, wala hakukasirika. Mkono wake ulikuja ukakaa juu ya kichwa changu. "Siku ya tatu tu baada ya baba yako kulileta, nilipitisha pasi ya mkaa kwenye pindo, kwa ndani. Uzi ulisinyaa ukanata kwenye pasi. Niliukwangua kwa kisu. Ningemwambia nini? Alikuwa ameuza mpaka saa yake. Alidhani ameniletea dhahabu."

"Umejua miaka yote?"

"Miaka yote."

Hasira ilinipanda mpaka nikasimama. Nilimuuliza kwa nini hakusema pale, mbele ya Hatibu, kabla hajaagiza funguo. Neno moja tu. Angesema ni nyuzi za kawaida, mtoto angeondoka zake, gauni lingebaki, na yeye angeingia harusini kwa Shadya akiwa amevaa.

"Ningesema," mama akajibu, "ningekuwa nimevaa nini miaka yote hii?"

Nililia, yeye hakulia. Aliniomba nimletee fimbo, akaenda chumbani, akafunga mlango. Asubuhi iliyofuata hakutembea ukumbini, wala iliyofuata.

Kama kunyamaza kwake kungemfaa kitu, ningeweza kumsamehe kila mtu. Lakini Bartholomeo ana mdomo, na pale uani kwa Deusdedit watu hawaachi kuingia na kutoka. Kufikia Jumanne mitaa yote ya Nyasubi ilijua kwamba gauni la Bi Safiya lilikuwa plastiki. Wateja wangu walikuja kununua blauzi huku wanauma midomo. Mwanamke mmoja, ambaye mama yake alivaa gauni la kuiga enzi zile akachekwa, alicheka kwa niaba ya mama yake mpaka akashika tumbo. Nilimfukuza kibandani. Akaenda kucheka kibanda cha jirani. Shadya aliifuta ile picha mtandaoni, ila picha ikishatoka mikononi mwako haikusikilizi tena, na huko mbali watu waliendelea kuisifu.

Hatibu walimtoa kwenye hisa Jumatatu, kama walivyosema. Wiki ile ile pampu ya wenzake ilifika, ikavuta maji, na chini hawakukuta kitu. Sikufurahi. Nilitamani kufurahi. Siku hizi anashuka kwenye duara la mtu mwingine kwa posho, na nyumbani hajakanyaga.

Siku mbili kabla ya harusi, mama alimwita Klara.

"Kile kitambaa bado kipo?"

Kilikuwepo. Klara alikitunza, sijui alijuaje. Alimpima mama palepale amesimama, naye mama akasimama bila kusema neno kuhusu shingo, wala mikono, wala pindo. Klara alipomuuliza anataka mshono gani, alisema, "Kama wa wenzangu."

Harusi ilikuwa uani kwetu chini ya turubai. Mama alitoka mapema, kabla hata ya chakula, ameshika fimbo. Hakuna aliyenyamaza. Wanawake walikuwa wengi, wote kijani, wote na maua yale yale, na yeye akapita katikati yao polepole akitafuta nafasi kwenye mkeka. Mama Masudi alimsogezea, akamwambia, "Karibu mayu," kwa heshima kabisa. Kigoda hakuna aliyekileta. Aliketi chini kwa shida, goti likiwa limenyooshwa mbele, mimi ubavuni kwake.

Pilau likaja. Sinia liliwekwa katikati yetu, na mama akakunja mkono wa nguo, akanawa kwenye bakuli, akala. Nilimwona akila mbele ya watu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Alikula vizuri, kwa vidole vitatu, upande wake tu. Wazee wawili waliomjua tangu zamani waliacha kutafuna. Kisha nao wakaendelea.

Ndipo wakaja mabinti watatu, rafiki zake Shadya waliotoka Mwanza asubuhi ile, wamejipamba, simu mkononi. Walisimama juu ya sinia letu, wakaangaza macho mbali, kuelekea langoni. Hawakuwa na habari ya yaliyotokea. Mmoja aliniamkia, kisha akauliza, "Samahani mama, yule bibi wa kwenye picha, yule wa gauni la dhahabu, keshafika? Tumekuja tupige naye picha."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kuwaambia waangalie chini. Nilitaka washushe macho mpaka kwenye ile shingo, ambayo hata ndani ya kitambaa cha kijani cha bei rahisi ilikuwa bado shingo yake, na walione lile ambalo mafundi wote wa mji huu hawakuweza kuliiga. Mama akaniwekea mkono wa kushoto juu ya goti na kulibana.

"Waambie hakuja," akasema kwa sauti ndogo, bila kuinua uso.

"Hakuja," nikasema.

Mabinti wakasikitika, wakashukuru, wakaondoka kwenda kusubiri karibu na lango. Walisubiri pale mpaka masinia yalipoanza kuondolewa. Mama aliwatazama mara moja. Kisha akarudisha mkono kwenye sinia, akavuta wali uliobaki upande wake, akala.